LIKIZO YA MWEZI WA SITA NA MBIO ZA NYIKA: KWA NINI ITEN, NA KWA NINI SI KASANGA?

UE bado wiki tatu, bumu limeshakata zamani, kwa hiyo burudani pekee ya bure iliyobaki hapa hosteli ni ubishi. Na ubishi wa wiki hii ni huu: kwa nini Wakenya wanatushinda mbio ndefu wakati milima tunayo, baridi tunayo na ugali ni uleule?

Majibu yanayorudiwa ni mawili. La kwanza, "jamaa wamezaliwa hivyo". La pili, "mwinuko". Mimi nasoma Historia na Jiografia, nitakuwa mwalimu Mungu akijalia, na nyumbani ni Kasanga, Rukwa, kule chini kabisa ambako barabara ya kutoka Sumbawanga inaishia ziwani. Basi naomba nichangie jibu la tatu, ambalo naona linatuhusu sisi walimu watarajiwa kuliko mtu mwingine yeyote. Jibu langu ni likizo. Ndiyo, likizo ya shule. Tulieni niwaeleze.

MWINUKO PEKE YAKE HAUTOSHI

Tuanze na hesabu, maana Jiografia bila namba ni porojo. Iten, mji mdogo wa Elgeyo-Marakwet ambao wakimbiaji wa dunia nzima wanauhiji, uko kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Kerio. Ukisimama pale unaona ardhi imekatika ghafla na bonde liko chini zaidi ya mita 1,000.

Sasa njoo kwetu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770. Ukipanda kutoka Kasanga kupitia Matai mpaka Sumbawanga, kilomita zaidi ya 100, unafika kama mita 1,800. Milima ya Mbizi iliyo juu ya mji inapita mita 2,000. Yaani mtoto wa Kasanga ana bonde lake na uwanda wake wa juu kama mtoto wa Iten, tofauti tu ni kwamba bonde letu lina maji.

Alphonce Simbu, aliyechukua medali ya dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo Septemba 2025, ni mtu wa Singida. Singida iko kama mita 1,500, chini ya Sumbawanga! Na ile ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kama ni mwinuko tu, basi Ufipa yote ingekuwa imejaa mabingwa. Lakini ukitafuta Kasanga kwenye vitabu vya historia utakuta boma la Wajerumani, walipopaita Bismarckburg, na jinsi lilivyotekwa na Waingereza mwezi wa sita mwaka 1916. Ukienda mbele kidogo utakuta maporomoko ya Kalambo yanayoanguka zaidi ya mita 200. Mkimbiaji hutakuta hata mmoja.

BRUDA ALIYEFUNDISHA JIOGRAFIA

Shule ninayotaka kuisimulia inaitwa St. Patrick's, ipo hapohapo Iten. Ni shule ya sekondari ya wavulana iliyoanzishwa na mabruda wa Kikatoliki wa shirika la Patrician mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1976 alifika pale Bruda kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell, kuja kufundisha Jiografia (unaona sasa kwa nini nampenda?). Hakuwa mkimbiaji. Hakuwa na cheti cha ukocha. Alipanga kukaa muda mfupi tu kisha arudi kwao.

Pale shuleni alimkuta mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, Pete Foster, ndiye aliyeshughulika na riadha. Huyu Pete alikuwa ndugu yake Brendan Foster, yule aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo wa 1976. Pete alipoondoka, riadha ikabaki mikononi mwa Bruda. Bruda akajifunza ukocha kwa kuwaangalia wanafunzi wake wakikimbia.

Matokeo mnayajua. Ibrahim Hussein, aliyesoma pale, mwaka 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, na mwaka 1988 akashinda Boston. Mwaka huohuo wa 1988 Peter Rono, naye mtoto wa St. Patrick's, akachukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul akiwa na miaka 21. Matthew Birir akafuata na dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992. Pale shuleni wana desturi ya kupanda mti kwa heshima ya bingwa, na siku hizi ni kama msitu mdogo.

Kwenye mbio za nyika ndiyo usiseme. Timu ya wanaume ya Kenya ilishinda ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 mpaka 2003. Mwaka 1988 kule Auckland, katika watu 9 wa kwanza, 8 walikuwa Wakenya. Haiwezekani mafanikio ya namna hiyo yatokee kwa bahati.

MWAKA 1989: GETI LINABAKI WAZI

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, kwa hiyo someni polepole.

Shule inapokuwa imefunguliwa, saa za mwanafunzi ni mali ya shule. Kengele inalia, watu wanaamka, mwalimu wa michezo anasema kimbia, wanakimbia. Siku shule inapofungwa, saa zile zinarudi kwa mwenyewe, yaani kwa familia. Kama ni mvulana, ng'ombe wapo. Kama ni msichana, maji, kuni, mtoto mdogo na jiko vipo. Mazoezi ya miezi mitatu yanayeyuka ndani ya wiki nne, na shule ikifunguliwa mnaanza upya.

Mwaka 1989 Bruda Colm alianza kambi ya mazoezi wakati wa likizo, na kambi ile ya mwanzo ilikuwa ya wasichana. Fikirieni hilo: shule ya wavulana inaita wasichana wa shule nyingine likizo, wakae pamoja, wale pamoja, wakimbie pamoja. Kenya shule zinafungwa Aprili, Agosti na Desemba, na kambi zikafuata kalenda hiyo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1991 kule Antwerp, Lydia Cheromei alishinda mbio za nyika za dunia kwa vijana akiwa na miaka 13. Miaka kumi na mitatu, wadau! Sally Barsosio, naye aliyepitia kwa Bruda, mwaka 1997 alishinda mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia ya Athens. Baadaye sana alikuja kijana wa Kilgoris, David Rudisha, akafundishwa na Bruda huyohuyo, na mwaka 2012 kule London akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Mtu atasema, "Bruda alikuwa na mazoezi ya siri." Hapana. Ukifuatilia wanaoeleza kambi zile, jambo linalowashangaza wageni ni jinsi watoto wanavyokimbia taratibu. Wanakimbia kwa kundi, wanajifunza kunyoosha mgongo, kuachia mabega, kupiga hatua vizuri, halafu wanapumzika. Hakuna kukimbizana mpaka mtu anatapika. Na ina maana yake: moyo na mapafu vinazoea mbio mapema, lakini mifupa na mishipa ya miguu inachelewa, inataka miezi. Mtoto wa miaka 15 ukimkamua siku saba kabla ya mashindano unamvunja muundi tu. Lakini ukimpa wiki kadhaa za mbio za polepole kila likizo, mwaka baada ya mwaka, unamjengea msingi.

Wamarekani wanalijua hili kwa njia yao. Kule msimu wa mbio za nyika kwa shule za sekondari unaanza mwishoni mwa Agosti mpaka Novemba, mara tu baada ya likizo ndefu ya kiangazi. Kwa hiyo kocha wa kule anajua kabisa kwamba timu ya Novemba inatengenezwa Juni na Julai, wakati shule imefungwa na hakuna anayemlazimisha mtu kuamka. Nchi tofauti, hali ya hewa tofauti, lakini wote wanategemea ule muda ambao kengele hailii.

Sasa jambo ambalo naona watu wanalipita haraka. Bruda alifika 1976, kambi ikaanza 1989. Hapo katikati kuna miaka 13. Mzazi wa Kikalenjin hakuamka siku moja akamkabidhi binti yake kwa mzungu asiyemjua. Alikuwa ameshamwona huyo mtu anaishi palepale miaka yote, anafundisha watoto wa majirani, wanarudi salama, wanafaulu, wengine wanapata nafasi za masomo Marekani kwa sababu ya mbio (Peter Rono alisoma Maryland, Ibrahim Hussein alisoma New Mexico). Kambi ya likizo imejengwa juu ya ruhusa ya mzazi, na ruhusa ile ilichukua miaka 13.

SISI TULIPITIA JESHINI

Na sisi je? Tusijidharau, historia tunayo. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji, na dunia ikamheshimu. Filbert Bayi, tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza mwanzo mpaka mwisho. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Moscow 1980 Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta medali mbili za fedha. Juma Ikangaa akashinda New York mwaka 1989, mwaka uleule Bruda anafungua kambi yake.

Lakini angalia walipitia wapi. Bayi, mwanajeshi. Ikangaa, mwanajeshi. Simbu naye yuko JWTZ. Jeshi limetubeba, tuseme ukweli na tulishukuru. Ila jeshi linampata mtu akiwa mtu mzima tayari. Kenya nayo ina jeshi na polisi wanaokimbia, tofauti ni kwamba wanapokea vijana ambao shule imeshawalea miaka minne. Kwetu, mtoto wa miaka 13 mpaka 18 anategemea UMITASHUMTA na UMISSETA, na hayo mashindano yenyewe yaliwahi kusimamishwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakarudi baada ya miaka kadhaa. Mtoto aliyekuwa na kipaji katikati ya miaka ile alipita hivihivi.

Hata leo yakiwepo, ni mashindano. Mashindano yanachagua aliyekwisha kuwa mzuri. Wachache wanaopita wanaenda mkoani, wengine wanarudi nyumbani, na likizo ya Juni inawameza.

JUNI KULE KASANGA

Sasa niwaambie Juni ya kwetu inafananaje. Uwanda wa juu ni mavuno: mahindi, maharage, ulezi. Maksai wanavuta magunia. Sisi wa ufukweni tunapanda juu kusaidia ndugu kuvuna, huku chini mihogo inasubiri kuanikwa. Ziwani ni dagaa, migebuka na kuhe, na vijana wengi usiku wako kwenye karabai. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Samaki wakapewa likizo na mpango maalumu juu yake. Vijana wa Kasanga nao walikuwa likizo Juni ileile, mikono mitupu, wanakaa gatini wanaangalia maji. Mpango wao haukuwepo.

Nina mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Anakimbia. Sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Wilayani alikimbia peku na akawaacha wenye viatu. Likizo iliyopita nilimuuliza kama anaendelea na mazoezi, akanijibu, "Kaka, nakimbia wapi? Nikikimbia peke yangu barabarani alfajiri watu wanauliza nakimbizwa na nani."

Nikamwendea mama. Mama ni mtu wa kuelewa, lakini naye ana hesabu zake. Akasema, "Mwanangu, sikatai. Ila mihogo nianike na nani? Na akikimbia huko na wavulana asubuhi yote, likitokea la kutokea, utakuja wewe kutoka Iringa kujibu?"

Hapo sikuwa na la kusema, maana mama alikuwa ametaja mambo yaleyale ambayo kambi ya 1989 iliyajibu: kazi ya nyumbani, na nani anawajibika kwa binti. Wenzetu hawakuwa na wazazi wasio na mashamba. Nao Aprili wako kwenye kupanda na kupalilia. Walichokuwa nacho ni mtu mmoja anayefahamika, mahali palipo na geti, na wasichana wengi pamoja ili asiwepo anayeonekana anakimbizwa.

Na kuna jambo zito zaidi ya medali. Nilikosoma kidato cha pili, kila Julai kulikuwa na madawati yanayobaki wazi. Mmoja kaenda Mpulungu kwenye biashara ya dagaa, mmoja kaolewa, mmoja hajulikani. Hakuna aliyefukuzwa, likizo tu iliwachukua moja kwa moja. Mtoto aliye kambini wiki mbili kati ya hizo ana sababu ya kurudi Julai. Hata asipokuwa Cheromei, na wengi hawatakuwa, dawati lake lina mtu.

MNASEMAJE HAPO?

Najua mtakayosema. "Wewe ni maskini wa bumu, kambi utailipia na nini?" Sawa. Lakini nimekaa nikapiga hesabu ya kitu kidogo, si Iten.

Kwanza, kambi ya kushinda, si ya kulala. Watoto wanakutana kwenye uwanja wa shule alfajiri, saa 3 asubuhi wamemaliza na wako njiani kurudi nyumbani. Mihogo ya mama itaanikwa, jua bado lipo.

Pili, wasichana kwanza, na awepo mwalimu wa kike au mama mmoja anayeheshimika kijijini tangu siku ya kwanza. Bila huyo, tusianze.

Tatu, siku 12 tu, na ziwe mwishoni mwa likizo, mavuno yakishapungua. Mbio za polepole, mchanga wa ufukweni kwa walio wapya, njia ya kupanda kwa waliozoea. Siku mbili za kupumzika katikati. Viatu si lazima, saa tunayo kwenye simu.

Nne, tusiahidi Olimpiki. Tuahidi kwamba mtoto atarudi salama na atarudi shule. Iten yenyewe leo ina matatizo yake, hela imeingia, na Kenya imefungiwa wakimbiaji wengi kwa dawa zilizopigwa marufuku. Tukianza kwa kuwaahidi wazazi magari, tutavuna hayohayo.

Mwaka huu nikienda fildi nimeomba shule ya Rukwa. Wengi wenu mnakimbilia Dar na Arusha, siwalaumu. Ila mjue mwalimu wa Jiografia anayekaa mahali pamoja muda mrefu ni kitu adimu kuliko uwanja wa riadha. Sijui kama nitakaa Kasanga miaka 13. Najua mdogo wangu ana miaka miwili tu mpaka amalize kidato cha nne, na katika hiyo miwili kuna likizo nne.

Kwa hiyo naomba vitu viwili. Anayesoma elimu ya viungo anisaidie kupanga ratiba ya siku 12 isiyovunja miguu ya watoto. Na wale wasichana wa Rukwa na Katavi mlioko hapa chuoni, nani yuko tayari kuja Kasanga wiki mbili mwezi wa sita? Malazi ni kwa mama, migebuka ipo, ugali wa ulezi upo, na kuogelea ni bure. Ukifika, wewe ndiye utakayeongea na mama kuhusu mdogo wangu, maana mimi amenishinda.

Nawakilisha.